Imani ya Uwezo na Mwanzo wa Mambo Magumu

Mtu mzima anayeamua kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya, liwe kukimbia masafa marefu au kusimama katika mkutano wa kijiji na kuuliza habari za mapato na matumizi, aghalabu hudhani kwamba asiye na ujasiri hana budi kuungoja uje kwanza. Saikolojia inaeleza mpangilio wa kinyume kabisa. Mwaka 1977 Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichapisha nadharia ya imani ya uwezo, yaani hukumu anayoitoa mtu moyoni mwake kuhusu kama anaimudu kazi fulani mahususi, na akaeleza kuwa hukumu hiyo huchangia sana kuamua kama mtu ataanza, atajitahidi kiasi gani na atavumilia kwa muda gani vikwazo vitakapojitokeza.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kufaulu kwa mtu mwenyewe, kuwaona wanaofanana naye wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyoielewa hali ya mwili wake, kama vile mapigo ya moyo na kutetemeka. Chanzo cha kwanza kina nguvu kuliko vingine vyote, ilhali wengi huegemea cha tatu. Husikiliza hotuba za hamasa, hujaa ari kwa siku chache, kisha hujitwisha mzigo mkubwa kupita kiasi, na kushindwa kunakofuata huwathibitishia kwamba jambo lile halikuwa lao.

Mbio huonyesha kosa hilo waziwazi kwa sababu mwili hauwezi kuharakishwa. Moyo na wingi wa damu huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi kadhaa ili kuimarika, na kila hatua ya mbio huutwisha mguu nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Hivyo mkimbiaji mpya hufika mahali akajiona ana pumzi ya kutosha kwa masafa ambayo miguu yake bado haijawa tayari kuyabeba, na hapo ndipo maumivu ya ugoko na ya kano ya kisigino yanapoanza. Utaratibu ufaao kwa anayeanza ni wa kiasi mno, hata huweza kumtia mtu aibu: mchakamchaka wa dakika moja, kisha kutembea kwa dakika moja na nusu, akirudia hivyo kwa muda wa dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza. Marathoni, ambayo ni kilomita 42.195, ibaki kuwa jambo la baadaye, kwa maana glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa katika misuli na ini, huwaishia wakimbiaji wengi baada ya takriban kilomita 30, na kulivuka eneo hilo kunataka maandalizi ya muda mrefu.

Wajibu wa kiraia nao hujengwa kwa hatua za namna hiyo. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na mingi kati yake ikafa. Kazi iliyodumu ilifanyika baadaye vijijini, ambako wanawake wasio na cheti chochote cha misitu, na ambao baadhi ya wataalamu waliona hawaifai kazi hiyo, walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika makopo na vyungu vilivyovunjika, na wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopandwa na kuishi. Sharti hilo la kuishi lina maana kubwa kuliko malipo yenyewe, kwani lilimpa kila mama ushahidi aliouona kwa macho yake. Maathai alipopinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru mwaka 1989, mpango ambao hatimaye uliachwa, alikuwa na miaka kumi na miwili ya kazi hiyo nyuma yake.

Chanzo cha pili, yaani mfano wa anayefanana na mtazamaji, kinaonekana katika kazi ya Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, ambaye baadaye aliandaa mbio za amani zilizowakutanisha vijana wa jamii za wafugaji zilizokuwa zikivamiana na kuibiana mifugo.

Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, na asiyewahi kusema neno humo anaweza kuanza kwa kuhudhuria tu, halafu kuunga mkono hoja ya jirani, halafu kuuliza swali moja fupi kuhusu tarakimu moja ya taarifa iliyosomwa. Moyo utamwenda mbio, na ni vema ajue mapema kwamba hata mioyo ya wazoefu huenda mbio. Wenyeviti wa vijiji na mitaa, kwa upande wao, wawape nafasi wanaouliza kwa mara ya kwanza na wawajibu kwa heshima, na waandaaji wa mbio nao wasiondoe mbio za kilomita tano kwenye ratiba zao, ili wanaoanza wapate pa kuanzia.