KUGEUZA MIGUU KATIKA MCHEZO WA NGUMI



Tangu tulipotoka Kabambare wadogo wetu wanatuuliza kila siku: "Yaya kapita, namna gani mtu anasimama mara kuume, mara kushoto?" Tumeona vema kuwajibu hapa, ili kila mmoja asome mwenyewe.

Mtu wa mkono wa kuume husimama hivi: mguu wa kushoto mbele, wa kuume nyuma, kidevu chini. Mkono wa kushoto uko karibu na mwenzake. Kazi yake ni kupima na kusumbua. Mkono wa kuume unangoja nyuma. Nguvu yake inatoka kwa mguu, inapita kiunoni, inafika begani. Mashoto anageuza yote: kuume mbele, kushoto nyuma.

Faida ya kujua namna zote mbili ni nini? Wapiga ngumi wengi wamezoea watu wa kuume. Wakipambana na mashoto, miguu ya mbele ya wote wawili inakaribiana, na ngumi zinatoka upande wasiouzoea. Hapo mwenye kutia mguu wake wa mbele inje ya mguu wa mwenzake, mkono wake wa nyuma unapata njia iliyonyooka. Tena ini liko upande wa kuume wa tumbo, na mkono wa nyuma wa mashoto unalifikia upesi.

Lakini kuko hatari. Wakati wa kugeuka, miguu inakuwa sambamba kwa kitambo kidogo. Mtu hana mguu wa kumshika nyuma. Kule Kabambare mmoja wetu aligeuka karibu sana na mwenzake, kwa kutafuta sifa tu. Ngumi ndogo ikamkalisha chini, watu wakacheka. Hatukushindwa kwa kukosa nguvu. Tulishindwa kwa kugeuka bila sababu.

Hata wakubwa wamekosea. Mmarekani Marvin Hagler alisimama mara nyingi kama mashoto, lakini alijua namna zote mbili. Mwaka 1986 alimpiga John Mugabi wa Uganda, akamwangusha katika raundi ya 11. Lakini tarehe 6 Aprili 1987, kule Las Vegas, alianza kwa kusimama kama mtu wa kuume mbele ya Sugar Ray Leonard. Raundi za kwanza zikampotea. Mwishoni waamuzi wawili kati ya watatu wakampa Leonard ushindi. Hagler hakupiga ngumi tena kama kazi.

Basi sisi tunajifunza hivi:

1. Ujue kwanza namna yako moja. Mshika mbili moja humponyoka.
2. Chora mstari chini. Simama namna ya pili, tembea mbele na nyuma bila kupiga. Miguu isikutane, isipite juu ya mstari. Fanya hivyo siku nyingi.
3. Kisha piga hewa, polepole, kwa mkono wa mbele peke yake.
4. Geuka ukiwa mbali, mahali ambapo ngumi haifiki. Ao geuka pamoja na ngumi: mkono wa kuume unapotoka, mguu wa kuume unaufuata mbele, na tayari umekuwa mashoto.
5. Mwishoni tafuta mwenzako, mwenye glavu, na mpigane kidogo tu. Aliyepigwa kichwani akasikia kizunguzungu aache mara moja, aende kwa muganga, asirudi siku ile.

Kuko jambo moja lingine, na hilo linatuhusu sisi wakubwa. Kati yetu kuko kijana mashoto. Tangu utoto alikatazwa kula na kusalimu kwa kushoto. Alipokuja kwetu, tulimwambia asimame kama sisi wote. Akatii. Mwaka mzima alikuwa mpigaji dhaifu, tukasema ni mvivu. Baada ya Kabambare tulimwomba asimame anavyopenda, na siku ileile hakuna aliyeweza kumkaribia. Tuliona haya. Tulikuwa tunataka kujifunza namna ya mashoto, na mwalimu wake tulikuwa naye bwenini.

Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, ni mashoto. Tarehe 31 Januari 2020, pale Kinshasa, alipata mkanda wa dunia wa WBC. Hakuna aliyeuliza kwa nini anatanguliza kuume.

Tumemwomba mwenzetu radhi. Sasa yeye ndiye anayetuchorea mstari kila siku ya posho, saa tisa. Wadogo wanaotaka kujifunza waje, na mashoto wote waje wakisimama walivyozaliwa.

Sisi makapita wa mwaka wa mwisho