Chembe Nyekundu ya Damu: Kazi Bila Kiini

Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini. Haina mitokondria, wala ribosomu za kutengenezea protini mpya. Vyote hivyo ilikuwa navyo ilipokuwa changa ndani ya uboho wa mifupa. Kiini hutupwa kabla chembe haijaingia kwenye damu, na masalia mengine humalizika katika siku moja au mbili zinazofuata. Kuku na samaki hubaki na kiini katika chembe zao. Binadamu na mamalia wengine hapana.

Nafasi iliyoachwa hujazwa himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu wake. Chembe moja hubeba molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli hushika molekuli nne za oksijeni. Chembe yenyewe haitumii hata kidogo ya oksijeni hiyo: bila mitokondria, hupata nguvu kwa kuvunja glukosi peke yake. Mchukuzi haonji mzigo.

Umbo lake ni duara bapa lenye upana wa mikromita 7 hadi 8, lililobonyea katikati pande zote mbili, mithili ya andazi lililofinywa kwa vidole. Kwa umbo hilo gesi hupata eneo kubwa la kupita. Chini ya utando umetandazwa wavu wa protini, hasa spektrini, unaoiwezesha chembe kujikunja ipenye kapilari nyembamba kuliko yenyewe, kisha irudie umbo lake.

Gharama ya kukosa kiini ni kwamba chembe haiwezi kujikarabati. Baada ya siku 120 hivi utando huwa umechakaa na kukakamaa, na chembe humezwa kwenye bandama au ini. Chuma chake hutumika tena. Sehemu nyingine ya himoglobini hugeuka bilirubini na kutoka na nyongo. Uboho, kwa amri ya homoni itokayo kwenye figo, huzalisha chembe mpya takriban milioni 2 kila sekunde.

Katika ugonjwa wa kurithi wa selimundu, asidi-amino moja tu ya himoglobini imebadilika. Himoglobini hiyo ikiachia oksijeni hugandamana, chembe ikapinda na kuwa ngumu, na maisha yake hushuka hadi siku 10 au 20. Aliyerithi jeni yenye badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 baada ya kuona kwamba jeni hiyo imeenea zaidi mwambao na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu zisizo na malaria nyingi.