Vichwa vya inzi vyaamua hatima ya dawa ya usubi Rungwe

Mkulima wa chai au ndizi anayeishi kando ya Mto Kiwira au Mbaka anamfahamu vizuri inzi mdogo mweusi anayeuma wakati wa palizi. Asichokiona ni safari ya inzi huyo akishanaswa, hadi mezani kwa msaidizi wa utafiti, ambako kichwa chake hutenganishwa na mwili.

Inzi huyo ndiye anayeeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na hatimaye kupofusha. Tukuyu, kama Mahenge, ni moja ya maeneo yanayojulikana kwa ugonjwa huo nchini, na kituo cha Tukuyu cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimeufanyia utafiti.

Kazi huanzia mtoni. Wanasaji huketi miguu ikiwa wazi, na inzi akitua tu hunaswa kwa mrija kabla hajauma. Inzi huhifadhiwa kwenye spiriti, chupa ikiandikwa mto, tarehe na saa. Maandishi yakifutika, kazi ya siku nzima imekwenda na maji.

Maabara, inzi hugandishwa kwa baridi kali kisha hutikiswa ili vichwa vidondoke, kwa kuwa vimelea vilivyo tayari kuambukiza hukaa kichwani. Vichwa vingi husagwa pamoja, kemikali hutumika kutoa vinasaba, na mashine hunakili kipande kinachotambulisha minyoo hiyo. Kila awamu huwekewa kichupa kisicho na inzi hata mmoja. Kichupa hicho kikionyesha minyoo, basi uchafu umeingia na vipimo vyote vinarudiwa. Hapo ndipo msaidizi mzuri anapojulikana: hukiri kosa mapema, hata kama wenzake watanuna.

Kwa nini usumbufu wote huo? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka wapimwe inzi wasiopungua 6,000, na wenye vimelea vya kuambukiza wawe chini ya mmoja kwa kila 2,000. Watoto walio chini ya miaka 10 nao hupimwa damu. Masharti yakitimia, ugawaji wa dawa kwa jamii nzima husimamishwa. Jibu likiwa la uongo, hasara ni ya mwanakijiji, kwani dawa huua watoto wa minyoo tu, huku minyoo mikubwa ikiweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15.

Dawa yenyewe, ivermectin, si ngeni kwa wafugaji. Ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, ikaingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na mwaka 1987 kampuni ya Merck ikaahidi kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mzazi anayetaka mwanawe aifanye kazi hii ajue kwamba stashahada ya maabara huchukua miaka mitatu, na mhitimu husajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara za afya. Ajue pia kwamba nafasi nyingi za utafiti ni za mkataba wa mradi: fedha za mfadhili zikiisha, na ajira imeisha. Shamba la parachichi pembeni si wazo baya.