Kununua kidogo kidogo ni ghali: Mbinu za kupunguza gharama za nyumbani

KATIKA mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, saa ya jioni ndiyo saa ya vioski. Mteja hufika na noti ya Sh100 aliyoipata kwa kazi ya siku hiyo. Hupimiwa mafuta ya kupikia, huchukua sukari kidogo, majani chai ya pakiti ndogo na makaa ya mkebe mmoja. Kesho yake, saa ile ile, hurudi kununua vitu vivyo hivyo.

Wakenya wameipa biashara hii jina la ‘uchumi wa kadogo’. Humsitiri mwenye kipato cha kutwa, kwani hapana jioni atakayolala njaa kwa kukosa fedha za kununua chupa nzima. Hata hivyo, ndiyo inayomtoza bei ya juu zaidi yule asiyekuwa nacho.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kupunguza gharama za nyumbani hana haja ya kuanza kwa kujinyima chakula. Aanze kwa kujua analipa kiasi gani kwa kila kipimo.

Hesabu ya chupa moja

Mfano wa mafuta ya kupikia unatosha kulieleza jambo hili. Tuseme kipimo cha mililita 50 kinauzwa Sh20 kioskini, ilhali chupa ya lita moja inauzwa Sh320 dukani. Lita moja ina vipimo 20 vya aina hiyo. Anayenunua kwa kipimo basi hulipa Sh400 kwa lita ile ile.

Familia inayotumia vipimo viwili kwa siku humaliza lita tatu kwa mwezi. Kwa kipimo italipa Sh1,200. Kwa chupa italipa Sh960. Tofauti ni Sh240 kwa mwezi, au Sh2,880 kwa mwaka, na hapo hakuna aliyepunguziwa hata tone moja la mafuta.

Bei hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile. Mtu agawanye bei kwa uzani au ujazo, kisha alinganishe. Wakati mwingine atagundua kwamba pakiti kubwa haina nafuu yoyote.

Swali ni hili: Anayelipwa kwa siku ataipata wapi Sh320 kwa mkupuo?

Jibu ni kuanza na bidhaa moja tu. Akiweka kando Sh10 kila siku, baada ya siku 32 atakuwa na Sh320 za kununulia chupa ya kwanza. Chupa hii ya kwanza ndiyo ngumu.

Kuanzia hapo, familia iendelee kutoa Sh40 kila siku kana kwamba bado inanunua kioskini, ila sasa fedha hizo ziingie mkebeni. Chupa itadumu siku 10, na mkebe utakuwa na Sh400. Kati ya hizo, Sh320 zitanunua chupa ya pili, na Sh80 zitabaki. Zinazobaki ndizo mtaji wa kuhamia bidhaa ya pili, iwe sukari, sabuni au unga. Haba na haba hujaza kibaba.

Pana hatari moja. Mafuta yakiwa tele, mkono nao huwa mwepesi wa kumimina. Mpishi aendelee kutumia kipimo kile kile cha kioski, la sivyo faida yote itaishia katika sufuria.

Wengine huvuka kizingiti hiki kwa chama. Majirani watano wanaochanga fedha na kununua gunia moja la viazi au maharagwe katika soko kubwa kama Marikiti, Nairobi, au Kongowea, Mombasa, hugawana mzigo na nauli. Ni muhimu bei na mizani vishuhudiwe na zaidi ya mtu mmoja, kwani vyama vingi huvunjwa na shaka ndogo ndogo.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi mabichi huoza. Mnamo 2004, watu 125 walifariki, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota katika nafaka yenye unyevu, na haiondoki kwa kupikwa.

Anayenunua gunia kwa bei nafuu hana budi kuhakikisha kuwa nafaka imekauka barabara. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mahali penye hewa. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kusagwa, wala hayafai kupewa kuku au ng’ombe.

Kwa asiye na nafasi ya kuhifadhi, kununua kwa gorogoro na kusaga katika kinu cha mtaani aghalabu huwa nafuu kuliko unga wa pakiti. Unga wa mahindi yasiyokobolewa pia hubaki na virutubishi zaidi, ingawa hauhifadhiki kwa muda mrefu kama ule mweupe.

Moto wa jikoni

Baada ya chakula chenyewe, gharama nyingine kubwa ni ya kukipika. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha, huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ikifunikwa, mvuke haupotei. Maji yakisha kuchemka, moto mdogo hupika sawa na moto mkali, kwa kuwa joto la maji yanayochemka haliongezeki.

Wanawake wengi nchini pia hutumia kikapu cha kupikia bila moto, kilichojazwa vitambaa au sponji pembeni ili kihifadhi joto. Chakula huchemshwa jikoni, kisha sufuria hufunikwa na kuwekwa humo hadi kiive. Maharagwe hasa ni sharti yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kutiwa kikapuni, kwani yasipoiva huwa na kemikali inayosababisha kutapika na kuendesha.

Gesi nayo hufuata kanuni ya chupa ya mafuta: Kizingiti ni mtungi wa kwanza. Kodi ya VAT iliyorejeshwa kwa gesi mnamo Julai 2021 iliondolewa Julai 2023, lakini mtungi na kichomeo bado huhitaji fedha za mkupuo. Mkebe ulioanza na mafuta unaweza kuishia hapo.

Uniti 30 za stima

Katika viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu: wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kundi la kwanza hutozwa bei ya chini kwa kila uniti. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili, basi, kubaki chini ya 30 kuna manufaa maradufu: uniti huwa chache na bei ya kila moja huwa ndogo.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti tisa kwa mwezi. Balbu tatu za aina hiyo hula 27, yaani karibu kiwango chote. Balbu ya LED ya wati tisa hutoa mwanga unaokaribiana na huo, na tatu za aina hiyo hula uniti nne hivi.

Kifaa cha kupasha moto maji ya kuoga ndicho mlafi mkuu. Chenye wati 5,000 humaliza uniti moja kwa dakika 12. Mtu mmoja anayeoga kwa muda huo kila siku amemaliza uniti 30 peke yake. Sufuria ya maji yaliyopata moto pamoja na chai ya asubuhi hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Maji yenyewe pia yahesabiwe. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde, iwapo matone 20 hufanya mililita moja, hupoteza zaidi ya lita nne kwa siku. Kwa mwezi ni takriban mitungi sita na nusu ya lita 20, ambayo wengine huinunua kwa mkokoteni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkopo wa simu

Mbinu hizi zote hubatilishwa na tabia moja: Kukopa kwa simu ili kununua chakula. Mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana mdogo, maana Sh1,000 hurudishwa kwa Sh1,075. Anayekopa hivyo kila mwezi hulipa Sh900 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka bado hana ile Sh1,000.

Hapo ndipo thamani ya mkebe hudhihirika. Wenye Sh500 nyumbani hawalazimiki kukopa mtoto anapohitaji kalamu au nauli inapopanda kwa sababu ya mvua.

Yasiyofaa kupunguzwa

Kubana matumizi kuna mipaka. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika eneo la Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi mamia. Kituo kilicholipuka hakikuwa na kibali. Mtungi uliojazwa kichochoroni huenda ukawa na bei nafuu, lakini hatari yake huiangukia familia nzima na majirani. Rahisi ghali.

Kadhalika, uji wa mtoto wa asubuhi, dawa za mgonjwa na mchango wa bima ya afya, ambayo sasa husimamiwa na SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, si mambo ya kukatwa. Ugonjwa mmoja waweza kula akiba ya miaka mitatu kwa wiki moja.

Wala kubana matumizi si kazi ya mama peke yake. Katika nyumba nyingi, kila kijiko cha sukari huhesabiwa, ilhali chai ya kibandani, sigara na nauli ya bodaboda kwa safari fupi haziandikwi popote. Daftari moja, linaloandikwa na wote wenye kutumia fedha kwa mwezi mmoja, huonyesha zinakovujia bila ya mtu kumlaumu mwenzake. Bandu bandu huisha gogo.

Sh2,880 zilizotokana na mafuta ya kupikia haziwezi kujenga nyumba. Lakini shule zifunguliwapo Januari, zinaweza kuwa sare na madaftari ya mtoto ambaye, bila fedha hizo, angekaa nyumbani wiki ya kwanza akisubiri mzazi apate pa kukopa.