Vijitabu vya Senti 10: Amana au Bidhaa?

Ziko hazina ambazo wanadamu hawazitambui mpaka zimekwisha kutupwa jalalani. Miongoni mwa hizo ni vijitabu vya katuni vya mapenzi na vichekesho, ambavyo vijana wa Marekani walivisoma kwa wingi tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970. Kwa muda mrefu kijitabu kimoja kiliuzwa senti 10 tu. Kilisomwa, kikaazimwa, kikachanika, kisha kikaishia motoni au kwenye takataka. Leo wako watu wazima na akili zao wanaovisaka minadani na katika maduka ya vitu vikuukuu, na wako wengine wanaowacheka. Sisi hatuwacheki. Tunalo swali moja tu la kuwauliza: wanachokikusanya ni amana, au ni bidhaa?

Yafaa kwanza tueleze asili ya vijitabu hivyo. Katika toleo la 22 la Pep Comics, la Desemba 1941, alitokea kijana wa shule aitwaye Archie Andrews, aliyechorwa na Bob Montana. Hakuwa na nguvu za ajabu wala hakuruka angani. Kazi yake ilikuwa kufanya makosa, na kutangatanga kati ya mabinti wawili, Betty wa watu wa kawaida na Veronica mtoto wa tajiri. Wasomaji walimpenda hata mwaka 1942 akapewa gazeti lake mwenyewe, na mwaka 1946 kampuni iliyomchapa ikaacha jina lake la MLJ ikachukua la kwake. Mwaka 1947 Joe Simon na Jack Kirby, ambao hapo awali walimbuni shujaa wa vita Captain America, walitoa Young Romance, gazeti la hadithi za mapenzi. Liliuzika mno, na haikupita miaka mingi magazeti ya namna hiyo yakazidi 100.

Palipo na vijana hapakosi wazee wenye wasiwasi. Mwaka 1948, katika miji kama Spencer, West Virginia, na Binghamton, New York, watoto wa shule walikusanya vijitabu vya katuni wakavichoma moto hadharani, huku wakubwa wao wakitazama. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuvilaumu, na kamati ya Baraza la Senati ikawahoji wachapishaji. Wachapishaji hao, kwa kuogopa sheria ya serikali, walijitungia masharti yao wenyewe. Sharti mojawapo liliagiza kwamba hadithi za mapenzi zikazie thamani ya nyumba na utakatifu wa ndoa. Kwa hiyo, mtu anayeweka kijitabu cha mwaka 1950 kando ya kile cha mwaka 1960 hasomi hadithi mbili tu. Anasoma jinsi taifa lilivyobadili somo lililowafunza mabinti zake, na anaona yapi yaliyofutwa katika somo hilo.

Kuna ushahidi mzito zaidi ya huo. Mwaka 1950 kampuni ya Fawcett ilitoa gazeti lililoitwa Negro Romance, na likatoka mara 3 tu. Mmoja wa wachoraji wake, Alvin Hollingsworth, alikuwa Mmarekani mweusi. Wakati huo katika majimbo ya kusini sheria iliwatenga watu weusi shuleni na garini, na katika katuni aghalabu walichorwa kama vikaragosi wa kuchekwa. Katika kurasa za gazeti hilo walichorwa kama watu: wanapenda, wanaumia, wanasoma, wanafanya kazi kwa heshima. Nakala zilizobaki ni chache sana. Laiti zisingekuwapo nyumba chache zilizozihifadhi, nani leo angeweza kuthibitisha kwamba jambo hilo lilipata kufanyika?

Basi hapo ndipo thamani ya mkusanyaji inapodhihirika, kwa maana adui ni wengi. Karatasi yenyewe ni ile duni ya magazeti, yenye asidi inayoigeuza rangi ikawa ya manjano na hatimaye kuivunja kama jani kavu. Wasomaji nao walikuwa na mikasi. Bill Woggon, mchoraji wa Katy Keene aliyeanza mwaka 1945, aliwachapia wasomaji wanasesere wa karatasi wa kukata. Aliwaalika pia wabuni mavazi ya Katy, na walioteuliwa aliyachapa majina yao. Leo kijitabu kilichokatwa mwanasesere hushuka bei. Ama kweli, soko lina hukumu ya ajabu: binti aliyekitumia kijitabu kama kilivyokusudiwa huhesabiwa kuwa amekiharibu, na yule ambaye hakukifungua husifiwa.

Soko hilo halikusita hapo. Mwaka 2011 nakala ya toleo la kwanza la Archie iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 160,000. Tangu mwaka 2000 kumekuwapo kampuni inayovipima vijitabu, ikavipa alama hadi 10, kisha ikavifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Kasha likifunguliwa, alama imebatilika. Maana yake ni kwamba kijitabu kinanunuliwa na kuuzwa pasipo mtu yeyote kukisoma. Hicho si kitabu tena. Ni hati ya fedha iliyopambwa picha.

Waladhalika jasho la wachoraji. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein alichora picha ya msichana anayezama majini, ambayo sasa imo katika jumba la sanaa za kisasa mjini New York. Aliitoa katika toleo la 83 la Secret Hearts, la mwaka 1962, lililochorwa na Tony Abruzzo. Jina la Lichtenstein linajulikana dunia nzima. La Abruzzo wanalijua wakusanyaji. Ni wao waliofukua kurasa hizo na kumrudishia fundi haki yake.

Jibu la swali letu, basi, limo katika matumizi. Trina Robbins, mchoraji aliyefariki mwaka 2024, alivipekua vijitabu vya kale akaandika historia ya wanawake waliovichora na mabinti waliovisoma. Chuo Kikuu cha Michigan State kimevikusanya kwa maelfu ili mwanafunzi avifungue. Hiyo ndiyo amana.

Na sisi tusidhani habari hizi ni za ng'ambo tu. Joe la Nairobi lilitoka mwaka 1973 likakoma mwaka 1979. Sani la Dar es Salaam, pamoja na Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili wake, lilichekesha kizazi kizima. Nakala ngapi zimefungiwa karanga? Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, lakini akiba ya karatasi huoza kwa asiyeitunza. Mwenye nakala aikaushe, aiweke mbali na mchwa na jua, aandike jina la mchoraji wake, kisha amwachie mwenzake aisome.