Jina la Mtaa Lataka Kinywa na Daftari

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Siku hizi nimeanza kuutazama msemo huo kwa jicho jingine, maana nimeuona usiku ambao jina lolote lingetufaa, nasi hatukuwa nalo.

Nakaa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mahali palipokuwa shamba la minazi kabla watu hawajagawana viwanja na kujenga. Njia ipitayo mbele ya nyumba zetu haikuwa na jina. Tulizoea kuelekezana kwa alama: ukifika kwenye duka jekundu, pinda kushoto, kisha ufuate mwembe. Usiku mmoja wa masika jirani yetu, mfanyakazi wa bandarini, alishikwa na maradhi ya ghafla. Gari la wagonjwa likaitwa, na dereva akaambiwa alitafute duka jekundu. Alizunguka karibu saa nzima asilione, kwa kuwa mwenye duka alikuwa amelipaka rangi ya buluu juma lililotangulia. Mwishowe vijana walitoka na tochi hadi barabara kuu, wakaliongoza gari hilo mpaka mlangoni. Jirani yetu alipona, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini tangu asubuhi ile hakuna aliyesema tena kwamba jina la njia ni anasa ya watu wa mjini kati.

Napenda leo kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyoomba jina, jinsi ombi letu la kwanza lilivyorudishwa, na fundisho tulilolipata. Naamini kwamba wengi wenu, hasa wafanyakazi mnaojenga katika viunga vipya vya miji yetu, mtakutana na kazi hiyo hiyo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Katika utaratibu wa serikali za mitaa, mtaa ni eneo la utawala lililo chini ya kata, lenye mwenyekiti na mtendaji wake. Katika mazungumzo ya kila siku, mtaa ni njia yenye nyumba kandokando. Watu wawili waweza kubishana mchana kutwa kuhusu jina la mtaa, kumbe mmoja anasema eneo na mwenziwe anasema njia. Mimi hapa nasema njia.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, Serikali iliendesha operesheni ya Anwani za Makazi katika nchi nzima. Njia zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na vibao vikasimikwa. Anwani ya namna hiyo ina namba ya nyumba, jina la njia, na postikodi ya tarakimu 5 inayoitambulisha kata. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini mji haungoji operesheni. Kila mwaka mashamba hugeuka viwanja, na njia mpya huzaliwa. Njia yetu ilifunguliwa baada ya operesheni kupita. Kwa hiyo ilitubidi tuombe wenyewe.

Tulimwendea Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, naye akaitisha mkutano wa wakazi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Bwana mmoja mwenye uwezo, aliyekuwa amemwaga malori ya kifusi wakati wa mvua, alipendekezwa na marafiki zake kwamba njia iitwe kwa jina lake. Wengine wakanung'unika kwamba kifusi chenyewe kilimwagwa kuanzia lango lake hadi barabara kuu tu, na waliobaki nyuma waliendelea kukanyaga matope. Sauti zilipopanda, mzee mmoja mpenda suluhu akasimama na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, tusigombane. Tuiite Amani." Watu wakapiga makofi, kikao kikafungwa, na kila mtu akaenda nyumbani akiona kwamba tumefanya busara.

Miezi ikapita. Siku moja karatasi zetu zikarudi. Tulielezwa kwa lugha ya upole kwamba katika kata hiyo hiyo jina la Amani lilikwisha kutumika. Nilipouliza zaidi niliambiwa kwamba majina ya Amani, Umoja na Upendo huletwa kila mara. Wananchi wanaposhindwa kupatana, hukimbilia neno ambalo hakuna awezaye kulipinga. Dereva wa gari la wagonjwa anayetafuta Amani katika kata yenye Amani mbili hana tofauti na yule aliyetafuta duka jekundu.

Wakati tukingoja mkutano wa pili, nilijiuliza: kwa nini majina mengine hushika na mengine hayashiki? Nikalitembea jiji letu kwa miguu, kwa maana Dar es Salaam ni kitabu kizuri cha somo hili.

Barabara iliyo moyoni mwa mji Wajerumani waliiita kwa lugha yao njia ya chini ya miti ya akazia. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikawa Independence Avenue, na leo ni Samora, kwa heshima ya Samora Machel wa Msumbiji. Mti, mti, uhuru, mpigania uhuru: katika barabara moja msomaji aweza kusoma nani alikuwa na kauli katika nchi hii, na wakati gani. Nako New Street, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, kukaitwa Lumumba, kwa kumkumbuka Patrice Lumumba wa Kongo aliyeuawa mwezi Januari 1961. Mtaa wa Kichwele ukawa Uhuru. Majina hayo yameshika. Kondakta wa daladala na karani wa posta huyatamka vilevile.

Lakini pitia Kariakoo. Mtaa wa Kipata ulipewa jina la Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Mtaa wa Tandamti ulipewa jina la Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo na mmoja wa wazee waliomsaidia Mwalimu Nyerere katika siku ngumu za mwanzo. Ni nani angesema kwamba watu hao hawakustahili? Hata hivyo, ukimwuliza mchukuzi wa sokoni, mara nyingi utasikia Kipata na Tandamti. Vivyo hivyo mwaka 2013 Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama, Rais wa Marekani aliyekuja kuizuru nchi yetu. Lakini jina la kale halikuondoka, na hospitali ya saratani iliyopo hapo inaitwa Ocean Road hadi leo.

Basi nikaona kwamba jina la njia lina makao mawili: kinywa cha watu na daftari la Serikali. Jina lililo kinywani tu haliwezi kumleta mtu wa zimamoto usiku wa manane, kwa sababu yeye halijui. Jina lililo daftarini tu ni kibao kinachopigwa jua bila kazi. Utaratibu wa kuomba idhini, ambao wengi wetu tunauona kuwa usumbufu wa mihuri, ni daraja la kuyaunganisha makao hayo mawili.

Na wakati mwingine jina lililokubaliwa na baraza la mji hufanya kazi ambayo risasi haikuifanya. Katika mji wa Glasgow, huko Scotland, ubalozi mdogo wa makaburu wa Afrika Kusini ulikuwa katika uwanja ulioitwa St George's Place. Mwaka 1986, wakati Nelson Mandela angali kifungoni, baraza la mji huo liliubadili uwanja huo uitwe Nelson Mandela Place. Tangu hapo waliomfunga Mandela wakawa na ofisi mahali penye jina lake. Mwaka 1993 Mandela mwenyewe, akiwa huru, alifika katika mji huo. Wapo wanaosema kwamba jina si kitu. Makaburu wa Glasgow wangewajibu.

Turudi nyumbani. Katika mkutano wetu wa pili, Mwenyekiti alikataza majina ya kukimbilia. "Kila atoaye jina," alisema, "na atoe na sababu yake." Bwana wa kifusi akatajwa tena. Ndipo mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini: kabla ya nyumba hizi, watu walikuja huku kufanya nini? Wazee wakajibu bila kusita kwamba walikuja kwa mkunga. Miaka mingi kabla ya zahanati, kina mama wa vijiji vya jirani walipita katika shamba lile la minazi kwenda kwa bibi mmoja aliyewazalisha, na njia yetu ilichimbwa na nyayo zao. Bibi huyo yu hai, naye alikuwapo mkutanoni, ameketi juu ya mkeka.

Watu wakataka njia iitwe kwa jina lake. Yeye akakataa. "Wanangu," alisema, "kazi hii niliipokea kwa mtu, na yeye aliipokea kwa mwingine. Mkiniandika mimi mtawafuta wao. Andikeni kazi." Kikao kilinyamaza. Bwana wa kifusi, kwa heshima yake, ndiye aliyenyosha mkono wa kwanza. Tukakubaliana kwa kauli moja: Njia ya Mkunga. Baadaye nilisikia kwamba mama yake bwana huyo alijifungulia katika nyumba ya bibi yule.

Safari hii tulitengeneza karatasi zetu kama inavyopasa, na napenda niwaambie wenzangu yaliyotufaa. Muhtasari wa mkutano uliandikwa kwa ukamilifu: jina, sababu ya jina, idadi ya waliokubali, na sahihi za waliohudhuria. Tuliambatanisha mchoro unaoonyesha njia yaanzia wapi na yaishia wapi, kwa maana jina lisilo na mipaka huzaa ugomvi mwingine. Tulimwomba mtendaji atazame mapema kama jina hilo limekwisha kutumika jirani. Kazi hiyo ya dakika chache ingetuokolea miezi mara ya kwanza. Ombi likaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kutoka huko likapelekwa halmashauri kwa idhini. Lilipokubaliwa, jina liliingizwa katika mfumo wa anwani, nyumba zikapewa namba, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili, na nguzo ya kibao ikasimikwa penye pembe ya duka, ambalo sasa ni la kijani.

Nina maneno matatu ya kumalizia. La kwanza ni kwa viongozi wa mashina na wa mitaa: msilete jina mfukoni kisha mkaitisha mkutano wa kulipigia makofi. Watu watapiga makofi, na kesho wataendelea kusema Tandamti. La pili ni kwa wenye fedha: kifusi ni sadaka njema, lakini sadaka haidai kibao. La tatu ni kwetu sote: kubadili jina la zamani si sawa na kuipa jina njia mpya. Jina likibadilika, hubadilika na leseni za biashara, ankara na barua za watu wengi. Kwa hiyo sababu ya kubadili na iwe nzito kuliko usumbufu wake.

Majuzi mjukuu wa jirani yangu wa bandarini aliugua homa usiku. Baba yake alipiga simu akasema, "Njia ya Mkunga," akataja namba ya nyumba, na akanyamaza kungoja. Hakuna kijana aliyetoka na tochi. Gari lilikuja lenyewe.