Soma Jina Dogo la Dawa Kabla ya Kutoa Shilingi

Bwana Mkulima na Mama Mkulima,

Umekesha juu ya lori la mchele au viazi, umefika Nairobi, sasa wapumzika kwa ndugu yako Umoja, Kayole au Kariobangi. Kichwa chauma. Maduka ya dawa ni mengi huko. Unaingia, unaitisha Panadol, unalipa. Je, hivyo ndivyo ununuavyo mbolea? La! Kwanza husoma gunia lina nini ndani, ndipo huuliza bei.

Jina kubwa la pakiti ni la kibiashara. Jina la dawa yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo. Panadol ya kawaida ni parasetamoli, miligramu 500 kwa kila tembe. Tembe iliyoandikwa “Paracetamol 500 mg” tu, pengine ya kiwanda cha hapa hapa Nairobi, ni dawa ile ile kwa kipimo kile kile. Brufen nayo ni ibuprofeni, nayo huuzwa pia kwa jina lake tupu.

Tuseme, kwa mfano tu, tembe 10 ni shilingi 20, na pakiti nzuri ya tembe 4 ni shilingi 20 vilevile. Gawanya: moja ni shilingi 2, nyingine shilingi 5. Panadol Extra imeongezwa kafeini miligramu 65. Kikombe cha kahawa kali huwa na kiasi hicho au zaidi, na kahawa tunalima wenyewe!

Tena kuna hatari. Mtu humeza Panadol asubuhi, mchana akapewa parasetamoli, jioni dawa ya mafua yenye parasetamoli pia, akidhani ni dawa tatu. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 katika saa 24. Ikizidi huharibu ini, hata kuua, na siku ya kwanza huenda asihisi kitu. Mwenye vidonda vya tumbo aache ibuprofeni na aspirini mpaka aulize daktari. Mtoto asipewe aspirini.

Usinunue tembe zilizokatwa kwa makasi kibandani. Mara nyingi tarehe ya mwisho imebaki upande wa pili. Nunua penye cheti cha Bodi ya Dawa na Sumu ukutani.

Nanyi wa Mwea, mtoto akiwa na homa mpelekeni zahanati apimwe malaria siku hiyo hiyo. Parasetamoli hushusha joto tu, haiui vijidudu.